Maswali ya Wasomaji: Gari la Njia Mbovu kwa Dereva Mwenye Ulemavu

Safari hii barua nyingi zimetoka Kusini, na karibu zote zinazungumzia gari la juu, barabara ya vumbi au mchanga, na dereva au abiria ambaye viungo vyake havimsaidii. Tumechagua sita. Anayeendesha kwenye lami tupu ataona baadhi ya majibu yetu yamezidi ukali. Ukali huo umeletwa na mashimo.

SWALI: Nimepooza miguu yote miwili tangu nilipoanguka kwenye mkorosho. Mikono ni mizima. Nina Prado ya dizeli, otomatiki. Fundi wa kuchomelea hapa mjini anasema atanitengenezea breki na mafuta ya mkono kwa siku moja. Nimruhusu? Na mimi nimwambie nini? — Msomaji, Newala

JIBU: Mruhusu, ila si kwa siku moja, na asichomelee kitu chochote kwenye pedeli wala kwenye mhimili wa usukani. Chuma cha pedeli kikishapigwa moto hakiwi kile kilichotoka kiwandani, na kikikatika kitakatika siku ile unayokisukuma kwa nguvu zako zote. Kila kitu kishikwe kwa klampu: bolti mbili kila klampu, za milimita 8, zilizoandikwa 8.8 kichwani, na nati za kujifunga zenye plastiki ndani. Washa ya springi peke yake haitoshi. Barabara iliyojikunja kama bati huilegeza nati ya kawaida upesi kuliko unavyodhani.

Mfumo ambao fundi wa wilayani anaumudu ni huu. Wenzo mmoja unakaa upande wa kulia chini ya usukani. Ukiusukuma mbele, fimbo inasukuma pedeli ya breki. Ukiubonyeza chini kuelekea pajani, mkono mdogo unaozunguka kwenye bushi unasukuma fimbo ya pili hadi pedeli ya mafuta. Kwa nini kulia? Gari letu lina usukani kulia, gia iko kushoto, na kwa magari ya Japani swichi ya indiketa iko kulia. Mkono wa kulia unashika breki na kufikia indiketa kwa kidole, wa kushoto unabaki na usukani na gia. Mabano ya wenzo yafungwe kwenye bolti zinazoshika mhimili wa usukani chini ya dashibodi, si kwenye bomba la mhimili wenyewe, kwa sababu bomba hilo limeundwa lijikunje gari likigonga.

Fimbo ya breki iwe bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 2. Asitumie bomba la maji: lile limepakwa zinki, ukilichomelea linatoa moshi wenye sumu na kiungo kinabaki na matundu. Ncha zote mbili ziwe na bolijointi ndogo za milimita 10 zenye uzi, ili urefu urekebishwe. Angalau milimita 15 za uzi ziwe zimeingia ndani, halafu nati ya kukazia. Apake mstari wa rangi unaovuka nati na fimbo. Mstari ukiachana, nati imezunguka, na utaiona bila spana.

Sasa kosa ambalo mafundi wengi hulifanya. Anapima breki, inashika, anafunga kazi. Kumbe wenzo ukisukumwa mpaka mwisho unabakiza sentimita moja kabla ya kugonga dashibodi. Breki za gari hili zina njia mbili za mafuta. Njia moja ikivuja, pedeli huzama chini zaidi ndipo njia ya pili ishike. Wenzo ukigonga dashibodi kabla ya hapo, huna breki kabisa, ingawa nusu ya mfumo bado ni nzima. Kwa hiyo injini ikiwa imezimwa, fundi asukume pedeli kwa mguu wake hadi sakafuni, na wenzo ukiwa umeunganishwa. Pale mwisho kabisa pabaki nafasi ya vidole viwili kati ya wenzo na chochote kilicho mbele yake.

Kisha jaribio la nguvu. Mtu mwenye misuli kuliko wote gereji asukume wenzo kwa mikono miwili mara kumi, kwa nguvu zote. Kitu kisipinde, klampu isiteleze. Halafu shika breki nusu na wakati huohuo bonyeza mafuta: breki lazima iwe huru kwenda mbele bila kukwamishwa na fimbo ya mafuta. Ukiuachia wenzo, mafuta yarudi yenyewe mara moja. Yakichelewa, ongeza springi nyepesi ya kurudisha, ya breki ya nyuma ya pikipiki inatosha. Weka pia skrubu ya kuzuia, ili wenzo ukome pale pedeli ya mafuta inapokoma. Bila hiyo utakuwa unavuta kebo hadi ichanike.

Kuna jambo lingine la Newala hasa, nalo ni mteremko wa kushuka kutoka juu huko. Mguu una nguvu kuliko mkono, na breki inayosukumwa kwa mkono inategemea busta, kile chombo kinachoongezea breki nguvu, kuliko ya mguu. Ijaribu kila wiki: injini ikiwa imezimwa, sukuma breki mara tano hadi iwe ngumu, iendelee kushikwa, kisha washa. Wenzo unapaswa kuzama kidogo wenyewe. Usipozama, busta au mpira wake wa hewa umekufa, na gari la karibu tani mbili litakuwa linakungoja ulisimamishe kwa kiganja. Kwenye mteremko wenyewe shuka na gia ya 2 au L tangu juu, si katikati ukishaona breki zinanuka. Injini ikizima njiani una misukumo miwili au mitatu tu yenye msaada: itumie kusimama moja kwa moja, usipampu.

Kirungu cha usukani, kile cha kuuzungushia kwa mkono mmoja, kiwe cha kipenyo cha sentimita 5 hivi, upande wa kushoto juu kidogo ya katikati, na kisisimame mbele ya mfuko wa hewa. Usikibane kwa kidole gumba. Tairi likigonga jiwe usukani hurudi kwa kasi, na gumba ndilo linalolipa.

Hayo yote hayana maana kama kiwiliwili kinayumba. Gari linapoingia shimoni, mwili usio na misuli ya kiuno unaanguka juu ya wenzo, na gari linaruka kwa mafuta usiyoyataka. Madereva hulaumu wenzo. Tatizo ni kiti. Weka vijalizo vya sponji ngumu pande zote mbili za mbavu, na mkanda wa kifuani wenye upana wa sentimita 5 au zaidi, ufungwe kwa velkro, pamoja na mkanda wa gari na si badala yake. Mkanda wa gari upite kwenye mifupa ya nyonga, usipite tumboni. Mwisho, pedeli zifunikwe kwa kinga ya bati la alumini la milimita 3 inayofungwa kwa nati mbili za masikio, kwa sababu mguu unaoshtuka wenyewe unaweza kukanyaga mafuta. Nati za masikio ni kwa ajili ya siku unayougua na ndugu yako anataka kuendesha kwa miguu.

SWALI: Mume wangu ni dereva mwenye ulemavu wa miguu, hana hisia kuanzia kiunoni. Baada ya safari ya Ruangwa kwenda Lindi nilikuta lengelenge kubwa ubavuni mwa mguu wake wa kushoto, na weusi makalioni. Hakujua lolote. Ni kiatu? — Mama wa nyumbani, Ruangwa

JIBU: Mama, lengelenge la ubavuni karibu hakika ni moto wa giaboksi. Kile kinundu cha sakafu kilicho kati ya viti viwili hupata joto, na mguu usio na hisia huangukia hapo na kutulia. Gari likishatembea nusu saa, gusa kinundu na sakafu kwa nyuma ya kiganja chako. Pakikushinda kwa hesabu ya kumi, pavikwe mkeka wa kuzuia joto chini ya zulia, na ekzosi ikaguliwe kama bamba lake la kinga lipo. Kwenye magari ya mtumba mara nyingi lilishatupwa. Mguu ufungwe kwa kamba laini kwenye kifundo ili usihame, na asiendeshe na kandambili.

Weusi wa makalioni ni hatari zaidi. Bonyeza kwa kidole: pasipobadilika rangi, hicho ni kidonda cha mgandamizo kinachoanza ndani, na asipakalie mpaka paonwe hospitali. Akirudi barabarani atumie mto uleule wa kitimwendo, uliozuiwa usiteleze, na kila nusu saa asimamishe gari, ajiegemeze mbele au pembeni kwa dakika 2. Kujinyanyua kwa sekunde chache hakutoshi kurudisha damu. Mifuko ya suruali ya nyuma iwe mitupu. Funguo na pochi vimewatoboa wengi.

SWALI: Nimerithi Land Cruiser ya zamani, gia za kawaida. Mguu wa kulia una polio, wa kushoto ni mzima. Kwa kuwa klachi ni ya mguu wa kushoto, si naweza kuweka breki na mafuta tu vya mkono? — Msomaji, Nachingwea

JIBU: Kwenye karatasi, ndiyo. Barabarani mkono wa kulia umeshika wenzo, wa kushoto unabadilisha gia, na usukani hauna mtu. Kwenye lami iliyonyooka ni sekunde moja. Kwenye tope la masika, tairi likiwa ndani ya mfereji, ni sekunde ileile ambayo usukani unakutoka. Hatukushauri. Uza, au badilishana na otomatiki. Kwa mguu wa kushoto ulio mzima, otomatiki inakupa njia nyepesi kuliko wenzo: pedeli ya pili ya mafuta kushoto mwa breki, yenye kinga juu ya ile ya kulia. Breki inabaki ya mguu, mikono yote miwili inabaki kwenye usukani.

Zipo mashine za umeme zinazokanyaga klachi zenyewe, lakini zinahitaji kurekebishwa na mtu anayezijua, na kwenye mchanga zikikosea kidogo klachi inaungua. Ukisikia harufu, umechelewa.

Ukilihifadhi gari kwa ajili ya dereva mwingine, au ukinunua jingine la aina hiyo, angalia habu za magurudumu ya mbele, vile vifungio vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na ekseli. Nyingi ni za kuzungushwa kwa mkono, na mtu huzikumbuka akiwa tayari amekwama. Mwenye kitimwendo hashuki kwenye tope kwenda kuzungusha habu. Zote mbili ziwekwe LOCK mvua zinapoanza na ziachwe hivyo. Ukiendesha na H2, yaani magurudumu mawili yakivuta, haziharibu kitu, zinaongeza mlio na mafuta kidogo tu. Moja ikiwa FREE na nyingine LOCK, magurudumu ya mbele hayavuti. Na H4, ya magurudumu yote manne, usiitumie kwenye lami kavu.

SWALI: Natumia kitimwendo, gari langu tayari lina wenzo wa breki na mafuta ya mkono. Nataka kwenda Msimbati peke yangu bila kuomba watu wanisukume. Inawezekana? — Msomaji, Mtwara Mjini

JIBU: Gari linawezekana. Kitimwendo ndicho kitakachokushinda, tutafika huko.

Kabla ya mchanga punguza upepo kutoka psi 35 hadi 18. Vali ya tairi iko kwenye kimo cha mkono wako ukiwa umekaa, kwa hiyo hapa huna hasara kwa yeyote. Usishuke chini ya 15: ukikata kona tairi laweza kutoka kwenye rimu, na kubadilisha tairi ukiwa kwenye kitimwendo mchangani si kazi ya mtu mmoja. Mwendo usizidi km 40 kwa saa, usukani uzungushwe polepole, na breki uiache: ukitaka kusimama, achia mafuta, mchanga utakusimamisha. Breki hukusanya rundo mbele ya matairi na hutatoka tena.

Kurudisha upepo ndiko kunakowashinda wengi. Pampu yenye nguvu hushikizwa kwenye betri, na betri iko chini ya boneti usiyoifikia. Zile ndogo za tundu la kiberiti huunguza fyuzi kabla tairi la pili halijajaa. Fundi umeme avute waya mnene kutoka betri hadi kwenye plagi nzito karibu na bampa, fyuzi ya ampea 40 ikae sentimita chache tu kutoka betri, na mpira wa hewa uwe na urefu wa mita 7 ili uzunguke gari zima bila kuhamisha pampu. Usirudi lami na psi 18. Ubavu wa tairi hupata moto na kupasuka.

Kupanda garini: kiti cha gari la namna hii kinaweza kuzidi cha kitimwendo kwa sentimita 40. Ubao wa kuhamia unafaa pale tofauti isipozidi 10 hivi. Zaidi ya hapo unageuka mlima. Tengeneza kikalio cha katikati: plaiwudi ya milimita 18, sentimita 45 kwa 30, juu ya fremu ya bomba la mraba la 25 kwa 25, kikunjwe ubavuni, kifungwe kwa bolti kwenye chesisi na si kwenye bati la mlango. Wakae watu wazima wawili juu yake kabla hujakaa wewe. Na egesha kwa akili: upande wa dereva ukiwa ndio wa juu wa mwinuko, ardhi inakusogelea. Winchi ya kukwamulia gari isitumike kumnyanyua mtu kamwe. Breki yake haikutengenezwa kushikilia mzigo unaoning'inia.

Kuhusu kitimwendo, magurudumu madogo ya mbele huzama papo hapo. Enda kinyumenyume, makubwa yakitangulia, juu ya vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 120, ukiruka kimoja na kuvuta kingine kwa kamba. Ni kazi. Mita 20 zinatosha kukutoa jasho. Wapo wanaotandika nyavu kuukuu za kuvulia. Uzi hujisokota kwenye ekseli ya mbele na utaukata kwa kisu ukiwa umeinama. Ukirudi, osha bolijointi zote za wenzo kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kausha, paka grisi. Kwa safari ya kwanza, pamoja na kujitegemea kwako, nenda na mtu.

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 ana mtindio wa ubongo, hawezi kushika shingo vizuri. Tunasafiri Liwale hadi Nachingwea kliniki kwenye Hardtop yenye mabenchi ya pembeni, nampakata. Kuna njia nyingine? — Mama, Liwale

JIBU: Ipo, na tafadhali uache kumpakata. Gari likisimama ghafla mikono ya mtu haimshiki mtoto, na wewe mwenyewe utamkandamiza. Benchi la pembeni ni baya zaidi kwake, kwa kuwa kila breki inamvuta shingo kwa ubavu. Mwombe dereva kiti kinachotazama mbele. Tumia kiti cha gari cha mtoto chenye mikanda mitano, kilegezwe nyuma kidogo ili kichwa kiegemee badala ya kudondoka kifuani. Taulo zilizokunjwa ziwekwe kushoto na kulia kwa kichwa. Usiweke nyuma ya kichwa, kwa maana zitasukuma kidevu chini na kubana pumzi. Usifunge paji la uso kwenye kiti. Asilishwe gari likienda. Ale mapema, akae wima nusu saa, ndipo muondoke.

Asisafiri juu ya kitimwendo cha kukunja, kile cha kitambaa. Kitimwendo kigumu kinaweza kubeba abiria tu kama kimefungwa kwa mikanda minne kwenye pete zilizopigwa bolti kupita sakafu, na bamba la milimita 5 chini yake, huku mkanda wa mtoto ukiwa umeshikwa na gari, si na kiti.

SWALI: Nimekatwa mguu wa kulia chini ya goti, nina mguu bandia. Nabeba korosho kwa toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Breki ya nyuma iko kulia. Nitumie breki ya mbele tu? Na leseni je? — Msomaji, Tandahimba

JIBU: Ya mbele peke yake, hapana. Kwenye mchanga wenye mzigo nyuma, gurudumu la mbele hufunga, usukani unageuka na toyo linakwenda linakotaka. Mguu bandia nao hauambii ni kiasi gani umekanyaga, au hata kama bado uko juu ya pedeli.

Wengi hufunga wenzo wa breki wa kushikwa kwa mkono karibu na goti la kulia. Unafanya kazi, ila kila ukishika breki mkono unatoka kwenye usukani. Sisi tungehamisha breki kwenda mguu wa kushoto. Shafti ya milimita 20 ipite chini ya ubao wa miguu, kwenye bushi mbili zenye grisi, kulia iungane na fimbo ya zamani, kushoto ipate pedeli mpya. Urefu wa mkono wa pedeli uwe uleule wa mwanzo. Mfupi zaidi utakuwa mgumu, mrefu zaidi utagusa chini kabla breki haijashika. Gia, iliyokuwa ya mguu wa kushoto, ipewe wenzo wa mkono upande wa kulia. Lazima kulia, kwa sababu wa kushoto unakuwa umeshika klachi, na wa kulia wakati huo umeshaachia mafuta. Mguu bandia uwekewe ukingo wa sentimita 5 kwenye ubao ili usiteleze nje.

Ijaribu bila mzigo kwenye tambarare, kisha nusu mzigo, kisha mteremko. Shafti ikianza kucheza ndani ya bushi, badilisha bushi, usikaze fimbo: ukikaza unaificha kasoro na kuziacha breki zikisugua njia nzima.

Leseni inaombwa kwa utaratibu wa kawaida wa TRA na polisi wa usalama barabarani. Nenda na chombo kilekile kilichobadilishwa, ufanyiwe jaribio juu yake, na kampuni ya bima uiandikie barua kuhusu mabadiliko, ubaki na nakala yenye mhuri. Anayefikiria kuagiza gari nje ajue kuwa Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 linataja gari lililoundwa mahususi kwa mtu mwenye ulemavu miongoni mwa vitu vyenye msamaha. Ombi lifike TRA kabla gari halijapakiwa melini, si likiwa tayari bandarini linahesabiwa gharama za kukaa.